Ufuta, nyongo na mboga chukuchuku

Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi asubuhi, dada yangu anayeishi Mtama alinipigia simu akiwa na hofu. Mwanawe wa miaka miwili na nusu alikuwa amepata choo chenye vitu vidogo vyeupe, vingi, vimetapakaa kila mahali, naye alikuwa na hakika kwamba mtoto ana minyoo. Nilimuuliza mtoto alikula nini jana yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, alikula kashata za ufuta alizoletewa na bibi yake, tena alikula nyingi." Nikamwomba achukue kijiti, asogeze kitu kimoja pembeni, akioshe kwa maji mengi na kukibonyeza juu ya karatasi. Alifanya hivyo simu ikiwa bado hewani, na baada ya muda nikamsikia akisema, "Ni ufuta. Na karatasi imelowa mafuta."

Nilifurahi kwamba mtoto hana minyoo, lakini jambo lile halikunitoka akilini siku nzima. Mbegu zile zilikuwa zimeingia mdomoni, zikashuka tumboni, zikapita katika utumbo wote mwembamba na mpana, kisha zikatoka zikiwa na mafuta yake ndani kama zilivyokuwa shambani. Ukilitazama kwa upande wa mwili, yule mtoto hakula ufuta, aliusafirisha tu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapa Lindi mjini, na wazazi wangu ni wakulima wa ufuta na korosho. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kulima ufuta, na kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba mazungumzo ya watu, kutoka Kilwa hadi Nachingwea, huwa ni bei ya mnadani, unyevu wa mbegu na malipo ya chama cha msingi. Sehemu kubwa ya ufuta huo huuzwa nje ya nchi ukiwa bado mbegu. Kile kinachobaki nyumbani, kibaba kimoja au viwili kwa ajili ya kashata na mboga, ndicho ninachotaka kukiandikia leo, kwa sababu naamini wengi wetu tunakila bila kujua kinavyofika mwilini, na kutojua huko kunatupotezea chakula tulichokilima kwa mikono yetu wenyewe.

Karibu nusu ya uzito wa punje ya ufuta ni mafuta. Mmea haukuyaweka mafuta hayo kwa ajili yetu; uliyaweka kwa ajili ya mche utakaoota, uwe na nguvu ya kusukuma udongo kabla haujapata majani ya kulitumia jua. Kwa hiyo mafuta yamehifadhiwa vizuri sana: yamo katika matone madogo mno, kila tone limevikwa utando wake, matone hayo yamefungiwa ndani ya seli, na kila seli imezungushiwa ukuta wa nyuzinyuzi ambao mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuuvunja. Juu ya yote hayo kuna ganda la mbegu. Mafuta hayawezi kumeng'enywa mpaka kuta hizo zivunjwe, na anayepaswa kuzivunja ni jino, kinu au mashine. Mtoto wa miaka miwili na nusu ambaye magego yake ya nyuma ndiyo kwanza yanamalizia kuota hana uwezo wa kuisaga punje ndogo namna ile, nayo hupita pembeni ya meno na kushuka nzima.

Jambo hili si la ufuta peke yake, wala si la watoto peke yao. Mwaka 2018 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walichapisha matokeo ya kazi yao juu ya korosho, zao ambalo huku Mtwara na Lindi hatuhitaji kuelezwa ni nini. Kwa hesabu ya kawaida iliyoandikwa kwenye vifungashio, gramu 28 za korosho hutoa kilokalori 163. Wao, baada ya kupima kile watu walichokula na kile kilichotoka, walikuta kwamba mwili hupata takriban kilokalori 137 tu, yaani pungufu kwa asilimia 16. Miaka sita kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuona tofauti kubwa zaidi kwenye lozi. Kiasi fulani cha mafuta hubaki kimefungwa ndani ya vipande ambavyo meno hayakuvisaga vya kutosha, na vipande hivyo hutoka navyo. Kwa mtu anayepunguza uzito hiyo ni habari njema. Kwa mtoto wa Mtama ambaye kashata mbili ndizo mafuta yake ya siku nzima, ni hasara.

Bibi yangu mzaa mama hakusoma utafiti wowote, lakini sikumbuki hata siku moja akitulisha ufuta mzima tulipokuwa wadogo. Aliupepeta, akauosha, akauanika, kisha akaukaanga bila mafuta katika chungu juu ya moto mdogo, akiugeuza kwa mwiko mpaka uanze kurukaruka na kunukia. Baada ya hapo aliumimina kinuni. Mapigo ya kwanza yalikuwa makavu na yenye sauti, unga ukitoka mwepesi wenye rangi ya mchanga. Halafu sauti ilibadilika taratibu, mchi ukaanza kunata, unga ukageuka kuwa kitu kizito cha kahawia, na mwishowe ukingo wa ndani ya kinu ulianza kung'aa. Huo mng'ao ni mafuta yaliyotoka ndani ya seli zilizopasuka. Kukaanga kunaifanya mbegu kuwa kavu na rahisi kupasuka, na kutwanga kunamaliza kazi ambayo meno ya mtoto hayaiwezi. Nilimwambia dada yangu asiache kumpa mtoto ufuta, ila autwange kwanza na kuutia kwenye uji au mboga, naye amefanya hivyo tangu siku ile.

Mashine ya kukamua hufanya kazi ileile kwa nguvu zaidi na kuyatenga mafuta kabisa, yakabaki mashudu ambayo hupewa ng'ombe na kuku. Mafuta yaliyokamuliwa hayana ukuta wa kuyazuia, na ndiyo maana mtu mwenye afya njema hufyonza karibu mafuta yote anayokula yakiwa huru, kiasi cha asilimia 95 hivi. Lakini kufyonzwa huko si jambo jepesi, na hapa ndipo ninapopenda sana somo langu.

Shida ya kwanza ya mafuta ni maji. Tumboni na katika utumbo kila kitu kimo ndani ya maji, vimeng'enya navyo hufanya kazi ndani ya maji, ilhali mafuta hujitenga na maji na kukusanyika juu kama yanavyofanya kwenye sufuria ya mchuzi. Kinywani kuna kimeng'enya kidogo kinachogusa mafuta, na tumboni kingine, lakini kazi yao ni ndogo. Kazi kubwa ya tumbo ni kuyasukasuka mafuta yachanganyike na chakula kingine na kuyaachia kidogo kidogo yaelekee mbele. Mafuta yakiingia sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, iitwayo duodeni, ukuta wake hutoa homoni inayoitwa kolesistokinini. Homoni hiyo huenda na damu na kutoa amri tatu kwa wakati mmoja: kifuko cha nyongo kijikaze na kumwaga nyongo, kongosho litoe vimeng'enya vyake, na tumbo lipunguze mwendo wa kuachia chakula. Amri hii ya tatu ndiyo inayomfanya mkulima aliyekula ugali wa muhogo kwa mboga iliyoungwa karanga akae shambani hadi alasiri bila kulegea, wakati aliyekula ugali uleule kwa mboga chukuchuku huanza kutazama jua mapema.

Kazi ya nyongo ni vigumu kuieleza kwa maneno matupu, kwa hiyo kila mwaka, ninapofika mada ya mmeng'enyo wa chakula, hupita buchani alfajiri kuomba kifuko cha nyongo ya mbuzi. Wanafunzi wote wanakijua, kwa sababu kila aliyewahi kuchinja kuku nyumbani amewahi kuonywa asipasue nyongo, nyama isije ikawa chungu. Tunachukua chupa mbili za maji safi, kila moja tunaitia kijiko cha mafuta ya ufuta, na moja kati yake tunaitia matone kadhaa ya nyongo hiyo ya kijani. Tunazitikisa zote mbili kwa pamoja na kuziweka juu ya meza. Ndani ya dakika chache, katika chupa isiyo na nyongo, mafuta yamekwisha kupanda juu na kufanya tabaka lake la manjano. Chupa ya pili inabaki na ukungu wa kijani, mafuta yametawanyika ndani ya maji kwa matone madogo yasiyoonekana moja moja, na hukaa hivyo muda mrefu. Mwaka huu msichana mmoja wa kidato cha pili aliinua ile chupa dhidi ya dirisha akasema, "Kumbe nyongo ni sabuni." Sikuwa na cha kuongeza. Chumvi za nyongo zina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, kama sabuni inavyofanya kwenye sahani ya pilau.

Mafuta yakishavunjwavunjwa kuwa matone madogo, eneo la kushambuliwa huwa kubwa, na hapo kimeng'enya cha kongosho kiitwacho lipasi huingia kazini. Mafuta ya mbegu yameundwa kwa kiini cha gliseroli kilichoshikwa na asidi tatu za mafuta, mfano wa mkono wenye vidole vitatu. Lipasi hukata kidole cha kwanza na cha tatu, ikaacha kile cha katikati. Vipande hivyo, pamoja na chumvi za nyongo, hujikusanya katika mafungu madogo sana yaitwayo miseli, na mafungu hayo ndiyo yanayoyavusha mafuta kupitia maji yaliyotulia karibu na ukuta wa utumbo hadi kwenye vijidole vinavyouvika ukuta huo kama sufi. Chumvi za nyongo haziingii pale pamoja nayo. Huendelea na safari hadi mwisho wa utumbo mwembamba, ambako takriban asilimia 95 yake hunyonywa na kurudishwa kwenye ini zitumike tena. Mwili hauitupi nyongo kama tunavyoitupa sisi machinjioni.

Ndani ya seli za utumbo, vile vipande huunganishwa upya kuwa mafuta kamili, jambo ambalo wanafunzi hulishangaa kila mara: kwa nini kubomoa nyumba kisha kuijenga upya ng'ambo ya ukuta? Jibu ni kwamba nyumba nzima haipiti mlangoni. Mafuta yaliyojengwa upya huvikwa koti la protini na kuwa vifurushi viitwavyo kilomikroni, na vifurushi hivi ni vikubwa mno kuingia katika mishipa midogo ya damu, hivyo hupita njia nyingine, mishipa ya limfu, yaani ile inayobeba majimaji ya mwili badala ya damu, na kupanda hadi karibu na shingo upande wa kushoto ambako limfu humwagika katika damu. Sukari na protini baada ya kufyonzwa hufikia kwanza kwenye ini. Mafuta mengi hulikwepa ini na kuingia kwanza katika mzunguko mkubwa wa damu.

Njia hiyo ilionekana kwa macho mwaka 1622, pale daktari Mwitalia Gaspare Aselli alipompasua mbwa aliyekuwa ametoka kula na kukuta kwenye matumbo nyuzi nyeupe asizowahi kuziona; alipoikata moja, kikatoka kitu cheupe kama maziwa. Yalikuwa mafuta ya chakula yakiwa njiani. Katika karne ya 19 Mfaransa Claude Bernard aliona kwa sungura, ambaye mfereji wa kongosho lake huingia kwenye utumbo mbali chini ya ule wa nyongo, kwamba mishipa hiyo huanza kuwa myeupe baada tu ya mahali kongosho linapomwaga maji yake. Nyongo peke yake haikutosha. Sioni jaribio jingine katika somo hili lililo safi kuliko hilo.

Nazi nayo ni mbegu, ingawa ni kubwa, na mafuta yake nayaweka kando kidogo kwa sababu yanasemwa mengi. Asidi za mafuta zilizo fupi, zile zenye kaboni nane na kumi, hazihitaji safari hii yote. Huingia moja kwa moja kwenye damu iendayo kwenye ini na kuchomwa upesi. Kutokana na ukweli huo watu husema mafuta ya nazi hayanenepeshi, wengine wakayanywa kwa kijiko kila asubuhi. Lakini hizo asidi fupi ni takriban sehemu moja kwa saba tu ya mafuta ya nazi. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki yenye kaboni kumi na mbili, ambayo kwa sehemu kubwa hupita njia ileile ya limfu, na mafuta ya nazi kwa jumla yana asidi zilizoshiba kwa kiwango cha juu sana, zinazopandisha lehemu katika damu. Nimekulia kwenye wali wa nazi na sitauacha. Tui lina ladha ambayo hakuna kitu kinachoipata. Ila kwa matumizi ya kila siku, ufuta, karanga na alizeti ni bora kwa mishipa ya moyo, na nasema hivyo nikiwa pwani.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae chini kuandika. Mafuta hayasafiri peke yake. Ndani ya zile miseli huingia vitamini A, D, E na K, na karotini za mboga za majani, ambazo zote hushikamana na mafuta na haziwezi kulivuka lile eneo la maji bila chombo. Waliogundua kwamba kuna kitu ndani ya mafuta kinachowakuza wanyama, Elmer McCollum na Marguerite Davis, walikigundua mwaka 1913, na ndicho tunachokiita leo vitamini A. Katika kaya zetu vitamini hiyo haitoki kwenye maini au mayai kila siku. Inatoka kwenye kisamvu, matembele, mchicha, majani ya kunde, majani ya mlonge na viazi lishe, ikiwa katika umbo la karotini ambayo mwili huigeuza wenyewe. Mboga hizo tunazo nyuma ya nyumba. Lakini mboga ikipikwa chukuchuku, yaani maji na chumvi tu, karotini yake nyingi haina chombo cha kuivusha, nayo hupita kama zile punje za ufuta zilivyopita kwa mpwa wangu.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, waliwapa watu wachache kachumbari ya majani na karoti, mara moja ikiwa na kitoweleo kisicho na mafuta kabisa, mara nyingine chenye mafuta kidogo, na mara ya tatu chenye mafuta mengi zaidi, kisha wakapima karotini katika damu zao kwa saa kadhaa. Kwa ile kachumbari isiyo na mafuta, karotini iliyofyonzwa ilikuwa karibu na hakuna. Idadi ya watu ilikuwa ndogo, lakini matokeo yanaendana kabisa na tunavyojua utumbo unavyofanya kazi. Wala hayahitajiki mafuta mengi: gramu tatu hadi tano kwa mlo, yaani kijiko kimoja cha chai, hutosha kwa kiasi kikubwa kwa mboga iliyopikwa. Yale matone ya vitamini A wanayopewa watoto wetu kliniki mara mbili kwa mwaka yanafuata kanuni ileile. Ndani ya kile kidonge laini chenye ncha inayokatwa, vitamini imeyeyushwa katika mafuta.

Nimesikia mara nyingi watu wakisema kwamba mboga chukuchuku ndiyo mboga ya afya. Kwa mtu wa mjini anayekula chipsi mchana na nyama choma usiku, mboga moja isiyo na mafuta haitamdhuru, kwa sababu mafuta mengine yamo katika mlo uleule. Kwa mama anayenyonyesha kule vijijini, ambaye mlo wake ni ugali wa muhogo na kisamvu na basi, kumwambia apike chukuchuku kwa ajili ya afya ni kumnyang'anya kitu. Naye bado anapaswa kutoa maziwa ambayo karibu nusu ya nguvu yake ni mafuta. Ufuta uliotwangwa na kuungwa kwenye kisamvu humpa mafuta na kuufungua mlango wa karotini kwa pamoja, na kile kinu kilichopasua seli za ufuta ndicho kilichopasua pia seli za jani la muhogo. Bibi alikuwa akisema mboga isiyo na kitu ndani haishuki. Alikuwa akizungumzia koo. Mimi nimekuja kuona kwamba hata utumboni haishuki.

Kuna mbegu ambazo mafuta yake si chakula, na ni vyema niziseme kwa kuwa zinaota majumbani kwetu. Mafuta ya nyonyo yanapofika utumboni humeng'enywa na lipasi kama mafuta mengine, lakini asidi inayotoka ndani yake huuamsha utumbo ujikaze kwa nguvu, na ndiyo sababu yanaharisha. Anayeyanywa anaharishwa na mmeng'enyo wake mwenyewe. Mbono kaburi ni hatari zaidi. Mbegu zake zinafanana na kitu cha kuliwa, zina ladha isiyowachukiza watoto, na zina sumu katika mafuta yenyewe. Mwenye uzio wa mibono awaambie watoto wake mapema.

Ufuta wenyewe una upungufu mmoja. Mwaka 1929 George na Mildred Burr walionyesha kwamba panya wakinyimwa mafuta kabisa hukauka ngozi, mikia ikatoka magamba, na wakatambua kwamba kuna asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Moja ni ya kundi la omega-6, ambayo ufuta unayo tele, kiasi cha asilimia 40 ya mafuta yake. Nyingine ni ya kundi la omega-3, ambayo ufuta karibu hauna. Hapa bahari inatusaidia: vibua na dagaa wana omega-3 iliyo tayari, kwa hiyo mlo wa vibua na majani ya kunde yaliyoungwa kwa ufuta umekamilika kuliko vidonge vingi vinavyouzwa kwa bei kubwa.

Namalizia na mama yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyaishi haya kwa maumivu. Mwaka juzi, usiku wa kuamkia Jumapili, baada ya kula biriani kwenye harusi, alishikwa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia yaliyopanda hadi begani. Yalikuwa mawe katika kifuko cha nyongo. Mafuta ya biriani yalipofika duodeni, homoni ikatoa amri yake, kifuko kikajikaza dhidi ya jiwe lililoziba mlango. Alifanyiwa upasuaji na kifuko kikaondolewa. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini aliporuhusiwa hakuna aliyekaa naye kumweleza ale nini, na pengo hilo likajazwa na majirani, ambao kwa mapenzi mema kabisa walimwambia, "Huna nyongo tena, usiguse mafuta maisha yako yote."

Kwa muda wa miezi kumi mama alikula chukuchuku. Nilipokwenda nyumbani likizo ya mwezi wa kumi na mbili nikamkuta amepungua, khanga imemzunguka mara mbili, na macho yakimsumbua jioni giza linapoingia. Macho hayo yanaweza kuwa na sababu zaidi ya moja, upungufu wa vitamini A ukiwa mojawapo, kwa hiyo tulikwenda kwanza kwa daktari wa macho; lakini jioni ile, baada ya kumwamkia, nilikaa naye barazani nikamweleza kwamba nyongo haitengenezwi na kile kifuko. Inatengenezwa na ini, mchana na usiku, na kifuko kilikuwa ghala tu la kuitunza mpaka chakula kifike. Ghala likiondolewa, nyongo hudondoka utumboni kidogo kidogo wakati wote. Kwa hiyo biriani moja kubwa yenye mafuta mengi inaweza kumharisha, kwa kuwa hana akiba ya kumwaga kwa mara moja, lakini mafuta kidogo katika kila mlo yana nyongo ya kutosha kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo lilinionyesha kwamba ameelewa: "Kwa hiyo nile mara nyingi, kidogo kidogo, kama kuku?" Nikamwambia ndiyo, mama, hivyo hivyo.

Nilimweleza pia dalili ya kuangalia. Mafuta yasipofyonzwa choo huwa cha rangi iliyofifia, kinanuka kupita kawaida, kinaelea na kuacha utando wa mafuta juu ya maji. Choo cha namna hiyo kikiendelea kwa siku nyingi, kwa mtu yeyote, si jambo la kunywea dawa ya minyoo na kulinyamazia. Huenda nyongo imezibwa njiani, au kongosho lina hitilafu, au ukuta wa utumbo umeumia, na hospitali ndiyo mahali pake.

Tulianza na kijiko kimoja cha chai cha ufuta uliotwangwa katika mboga ya mchana. Hakukuwa na maumivu. Wiki ya pili tukaongeza mboga ya usiku. Ufuta uliotwangwa huchacha haraka kuliko mbegu nzima, kwa sababu mafuta yakishatoka kwenye seli hukutana na hewa, hivyo anatwanga wa siku tatu au nne tu na kuufunika kwenye kopo mahali penye kivuli. Mbegu nyingine hukaa nzima ndani ya debe, na kwa kazi hiyo ganda lake ni zuri kuliko chombo chochote cha dukani.

Wiki iliyopita nilipita tena Mtama. Mama alikuwa jikoni, kinu kikiwa kimeegemezwa ukutani bado kinang'aa kwa ndani, majani ya kunde yakitokota. Alichota ufuta kwa kijiko kilekile, akautia, akakoroga mpaka mchuzi ukageuka rangi, kisha akanipa mwiko nionje chumvi.